Ruti kanali na kofia ya muda: maumivu ya kawaida ni yapi na tunayodanganyana ni yapi

Mtu akishatoka kwa daktari wa meno kufanyiwa ruti kanali, yaani kusafishwa na kuzibwa mizizi ya jino, ganzi haijaisha vizuri ushauri umeshaanza kumiminika, jirani ana lake, shangazi ana lake, kwenye grupu la WhatsApp ndo usiseme. Mengi yanamtia hofu bure, na mengine yanamfanya apoteze jino ambalo lilishaokolewa, na hilo la pili ndo linaniuma zaidi, kwahiyo twende nayo.

"Mshipa umeshatolewa, jino likiuma tena ujue daktari kaharibu."

Hii ndo dhana kubwa kuliko zote. Ni kweli ndani ya jino hakuna mshipa wa fahamu tena, kiini kilichooza kimetolewa, mifereji ya mizizi imesafishwa kwa vijisindano na dawa halafu ikazibwa. Lakini lile jino limeshikwa kwenye mfupa wa taya kwa nyuzinyuzi ndogo ndogo zinazouzunguka mzizi wote, na hizo ziko hai kabisa, zina mishipa yake ya fahamu, na mara nyingi zilishavimba kwa maambukizi hata kabla hujakaa kwenye kile kiti. Ongeza vijisindano vilivyofika karibu na ncha ya mzizi, ongeza pale ulipochomwa ganzi, ongeza taya lililoachama muda mrefu, hapo lazima pawake moto kidogo. Ndo maana linauma zaidi ukiling'atia kitu au ukiligonga kwa kidole.

Kuna mapitio ya tafiti nyingi yalichapishwa 2011, yakaonyesha kabla ya tiba wagonjwa 81 kati ya 100 walikuwa na maumivu, saa 24 baada ya tiba wakabaki kama 40, na wiki moja baadaye 11 hivi. Kwahiyo kuumia siku mbili tatu za mwanzo ni jambo la kawaida, cha kuangalia ni maumivu yanaelekea wapi. Leo yamepungua kuliko jana? Basi unapona. Siku ya nne ni makali kuliko siku ya kwanza? Rudi kliniki, usijikaze.

"Kofia ya muda ikikugusa vumilia tu, utaizoea."

Hapana jamani. Kofia ya muda ni plastiki ngumu ya kufunika jino huku ukisubiri krauni, yaani kofia ya kudumu, inatengenezwa haraka haraka pale pale kwenye kiti, na wakati daktari anakuambia ung'ate uone kama imekaa sawa wewe bado una ganzi nusu ya mdomo, unajibu iko sawa huku husikii chochote. Ganzi ikiisha unagundua lile jino ndo linagusana la kwanza kila ukifunga mdomo. Sasa jino ambalo nyuzi zake zimevimba ndo linabeba nguvu yote ya kutafuna, na usiku ukisaga meno linabeba tena, litatuliaje? Watu wanateseka wiki nzima wakiamini ruti kanali imefeli kumbe kofia imezidi urefu kiduchu. Daktari anaweka kile kikaratasi cha rangi, anaona panapogonga, anapasaga kidogo, ni kazi ya dakika chache. Piga simu siku ya pili tu, wala usione aibu kusumbua.

Na ikichomoka je? Wapo wanaokimbilia supa gluu. Usifanye hivyo, ile gundi haikutengenezwa kwa ajili ya mdomo, inaunguza fizi na inaharibu jino ambalo krauni ya kudumu inatakiwa ikae juu yake. Simenti ya kofia ya muda imefanywa dhaifu makusudi ili daktari aweze kuitoa, kwahiyo kuchomoka si maajabu. Ioshe, iweke kwenye kikopo, piga simu kliniki, uwahi ndani ya siku moja mbili, maana meno ya jirani husogea na krauni iliyopimwa inaweza isiingie tena. Ila usilale nayo ikiwa inachezacheza, unaweza kuimeza au ikaingia kwenye njia ya hewa. Chingamu, tofi, kashata, muwa, weka pembeni kwanza, tafunia upande wa pili. Kuswaki uswaki kama kawaida, wengine wanaogopa hata kugusa pale, uchafu unajaa, fizi inavimba na hilo linakuwa chanzo kipya cha maumivu. Uzi wa kusafishia meno uvute kwa pembeni, ukiuvuta kwa juu unaweza kuing'oa kofia.

"Meza amoksilini na metronidazo, maumivu yataisha."

Antibayotiki si dawa ya maumivu. Mwongozo wa chama cha madaktari wa meno wa Marekani wa 2019 unasema kwa maumivu mengi ya jino kwa mtu mzima mwenye afya nzuri, kama tiba ya jino lenyewe inapatikana, antibiotiki hazihitajiki. Zina kazi yake pale maambukizi yanaposambaa, na hapo daktari ndo anaandika. Kinachosaidia ni dawa za kupunguza maumivu, ibuprofen kwa wasio na vidonda vya tumbo, figo mbovu, ujauzito au pumu inayoamshwa na dawa hizo, au parasetamoli, tena mara nyingi zikitumika pamoja zinafanya kazi vizuri zaidi, muulize daktari wako. Parasetamoli ya miligramu 500 isizidi vidonge 8 kwa saa 24. Kuweka aspirini kwenye fizi kunaunguza tu. Hata mafuta ya karafuu, ambayo kweli yanatia ganzi na yamo kwenye baadhi ya simenti za meno, hapa hayana kazi kubwa kwa sababu ndani ya jino hilo hakuna mshipa wa kutiwa ganzi.

Lakini ukiona shavu au chini ya taya panavimba kwa kasi, una homa, mdomo haufunguki, kumeza au kupumua kunakuwa shida, nenda hospitali usiku huo huo.

Maji ya baridi yakikushtua upande ule, kwa kawaida hilo si jino lililotibiwa, huwa ni la jirani. Ila mwambie daktari, maana gego la kwanza la juu mara nyingi lina mfereji wa nne mwembamba sana ambao ni rahisi kupitwa, na mshipa uliobaki humo unaweza kuendelea kuhisi.

Na ile ya kwamba ruti kanali inaleta magonjwa mwili mzima ni nadharia ya zamani iliyopigiwa debe na daktari wa meno Weston Price huko Marekani miaka ya 1920. Waliorudia vipimo vyake hawakupata alichodai.

"Haliumi tena, krauni ya kudumu ya nini?"

Hapa ndo meno mengi yanapopotea. Kofia ya muda ni ya wiki chache. Ukikaa nayo miezi, simenti inalika, mate na bakteria wanapenya, na gego lililochimbwa katikati linapasuka ukitafuna, ufa ukishuka mpaka kwenye mzizi hakuna fundi wa kuliunga, linang'olewa. Utafiti wa Iowa, Marekani, wa 2002 ulikuta meno ya ruti kanali yasiyowekwa krauni yalipotea kwa kasi mara sita kuliko yaliyowekwa. Najua krauni ni pesa ndefu, na mtu ameshamaliza akiba kwenye mizizi. Kwahiyo kabla hujaanza uliza bei ya kazi nzima mpaka krauni, uliza bima yako inalipa nini, na kama hela haitoshi mwambie daktari waziwazi mapema, kuna uwezekano wa kuliziba kwa ujazo imara unaofunika ncha za kutafunia, ukae nao huku unajichanga, kuliko kubaki na plastiki mpaka siku ligawanyike.