Upande wa Mwanga Ambao Macho Yetu Hayauoni

Chukua miwani ya jua, ile inayokata mng'ao, uishike mbele ya skrini ya LCD, kama ya kompyuta, kisha uizungushe taratibu. Mahali fulani kioo cha miwani kitakuwa cheusi tii, ingawa skrini inawaka vilevile. Sasa pitisha rula ya plastiki angavu katikati: rangi za upinde wa mvua zitatokea palepale plastiki ilipobanwa kiwandani. Kwa njia hiyohiyo wahandisi huona mahali kifaa kinapoelemewa kabla hakijavunjika.

Mwanga ni wimbi, na wimbi hilo hutikisika kukingama na njia linakopita. Mwanga wa jua hutikisika pande zote bila mpangilio. Ukichujwa ukabaki mtikisiko wa upande mmoja, tunasema umepolarishwa. Skrini ya LCD hutoa mwanga wa aina hiyo. Miwani ile nayo hupitisha mtikisiko wa upande mmoja tu; ikikaa msalaba na mwanga huo, haupiti. Maji na vioo navyo huupolarisha mwanga vinapouakisi. Mwaka 1808, jijini Paris, mwanafizikia Étienne-Louis Malus alitazama jua lililoakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg kupitia fuwele ya kalsaiti, jiwe linalopitisha mwanga. Alipoigeuza, akaona mng'ao ukibadilika nguvu.

Macho yetu hayana habari na haya yote, isipokuwa kwa kiwango hafifu mno. Wadudu ndio wenye elimu yake. Hewa hutawanya mwanga wa jua na kuupolarisha, hasa katika mkanda wa anga ulio nyuzi 90 kutoka jua lilipo. Kwetu ni bluu tupu. Kwa nyuki ni ramani. Mtafiti wa nyuki Karl von Frisch alionyesha mwaka 1949 kwamba kipande kidogo tu cha anga ya bluu kinamtosha nyuki kujua mwelekeo, hata jua likiwa limefichika. Sisimizi wa Sahara wa jenasi ya Cataglyphis hutangatanga huku na kule akitafuta chakula, lakini akishakipata huisoma ramani hiyohiyo ya anga na kurudi shimoni kwa mstari ulionyooka. Mimi kila nikilifikiria hilo hustaajabu upya: ubongo mdogo kuliko punje ya mchele!

Lakini elimu hiyo sasa inawaponza baadhi yao. Wadudu wanaotaga majini hulitambua ziwa kwa mwanga uliopolarishwa, na lami nyeusi na paneli za sola huupolarisha kwa nguvu kuliko maji yenyewe. Hutua hapo, hutaga, na mayai hukauka. Watafiti walipozigawa paneli kwa mistari myembamba myeupe, wadudu waliozifuata walipungua sana.