Je, Wajua kwa Nini Wezi wa Riwaya Huenda kwa Genge?

Chukua riwaya ya vijana ya wizi wa enzi za kale, yenye uchawi kidogo ndani. Wezi huwa watano au sita, nadra sana mmoja. Wasomaji wengi hudhani ni kwa ajili ya utani na mapenzi ya ndani ya kundi. Hayo yamo, lakini jibu la kwanza liko kwenye mizani: mali ya zamani ilikuwa nzito.

Tuseme hadithi iko Nairobi ya mwaka 1908. Reli ilifika 1899, mji bado mchanga, na sarafu inayotumika ni rupia ya India. Rupia moja ya fedha ina gramu 11.66. Kwa hiyo sanduku la mishahara lenye rupia 20,000 ni kilo 233. Mpagazi wa misafara ya siku zile alibeba kama kilo 27. Gawanya, utapata wapagazi tisa, na bado hujamhesabu mfungua kufuli wala anayechunga njia.

Waandishi hukosea kwa kutazama ukubwa wa mzigo, si uzito wake. Rupia hizo zote zingeingia kwenye mitungi miwili ya lita 20, basi shujaa anatupa gunia begani na kuruka ukuta. Gunia lenyewe lingefumuka mshono kabla hajafika ukutani, na mlio wa fedha ungeamsha mtaa mzima. Dhahabu ni mbaya zaidi: lita moja tu ni kilo 19.3. Noti za rupia zilikuwapo pia, nyepesi kabisa, ila kijana mwenye kanzu ya viraka akitoa noti ya rupia 100 dukani, mwenye duka hatamsahau.

Mkokoteni? Sawa, lakini si Aprili. Masika yakishika, udongo mweusi wa Nairobi hunata kama ugali mbichi, na gurudumu lenye kilo 200 juu yake halitoki.

Usiku nao una hesabu zake. Nairobi iko karibu na ikweta, hivyo jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza huingia upesi. Mwezi mpevu huchomoza wakati huohuo. Kila usiku unaofuata, mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50. Siku tano baada ya mwezi mpevu, genge lina giza hadi kama saa nne na nusu. Hizo ni saa nne za kazi, na mwandishi makini huzitumia zote.

Sasa uchawi. Hirizi inayofuta uzito wote huua hadithi, maana mtu mmoja anatosha na wenzake wanabaki mapambo. Afadhali hirizi inayopunguza nusu tu. Kilo 233 zinakuwa kama 117, na hapo wabebaji watano wanatosha, kila mmoja akihitajika kwelikweli. Mmoja akikamatwa njiani, kilo 23 zinabaki chini, na ugomvi wa nani azibebe unajiandika wenyewe.

Ukisogeza hadithi hadi baada ya 1921, piga hesabu upya. Shilingi ilikuwa imeingia, mbili kwa kila rupia, kila moja gramu 7.78. Thamani ileile sasa ni kilo 311. Hata kwa hirizi watano hawatoshi: tafuta wa sita, au punda.