Enthalpi: moto unalipia nini maji yanapochemka

Chukua kilo moja ya maji yaliyokwisha kufika nyuzi 100 za Selsiasi, sufuria ikiwa wazi. Ili yote yageuke mvuke, moto lazima uyape kilojuli 2257 hivi, na muda wote huo kipimajoto hakipandi. Sehemu kubwa, kama kilojuli 2088, hutumika kuzitenganisha molekuli za maji. Lakini maji yale yaliyojaza lita moja tu sasa ni mvuke wa lita karibu 1670, na nafasi hiyo ilikuwa na hewa. Kuisukuma hewa ipishe ndiko kunakomeza kilojuli 169 zilizobaki.

Enthalpi hujumlisha vyote viwili: nishati ya ndani (U), na zao la kanieneo (p) na ujazo (V).

H = U + pV

Thamani kamili ya H haipimwi. Kinachopimwa ni badiliko lake, ΔH. Kanieneo isipobadilika, na kazi pekee ikiwa hiyo ya kusukuma hewa, ΔH ni sawasawa na joto lililoingia au kutoka. Ndiyo maana wanakemia wanaipenda: vyombo vyao vingi viko wazi. Ndani ya chombo kilichofungwa, kisichotanuka, joto hilo ni ΔU.

Pasipo badiliko la hali (kama kimiminika kuwa mvuke), hesabu ni nyepesi: ΔH = mcΔT, ambapo m ni tungamo, c ni joto linalohitajika kupandisha kilo moja nyuzi moja (kwa maji ni kilojuli 4.18), na ΔT ni badiliko la halijoto. Kupasha kilo hiyo kutoka nyuzi 25 hadi 100 ni 1 × 4.18 × 75, yaani kilojuli 314 hivi. Linganisha na zile 2257!

Kwa mmenyuko wa kikemia tunaitumia kanuni ya Hess ya mwaka 1840: njia haijalishi, muhimu ni mwanzo na mwisho. Tuchome methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi ya Songo Songo:

CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O

Enthalpi za uundwaji, yaani ΔH ya kuunda moli moja ya kitu kutoka elementi zake, kwa kilojuli kwa moli, ni −74.8 kwa methani, −393.5 kwa kabonidioksidi na −285.8 kwa maji. Oksijeni ni sifuri kwa kuwa ni elementi katika hali yake ya kawaida. Toa vianzio kutoka kwenye mazao:

ΔH = [−393.5 + 2(−285.8)] − (−74.8) = −890.3

Alama ya kutoa inaonyesha joto limetoka. Wanafunzi wengi husahau ile 2 ya maji, au hawaangalii kama maji ni kimiminika au mvuke. Yakiwa mvuke, thamani yake ni −241.8, na joto linalotoka hupungua: ΔH huwa −802.3. Kwenye jiko la gesi maji hayo hupaa yakiwa mvuke, kwa hiyo sufuria iitegemee hii ya pili.