Fundi hajakuibia kitambaa, kimerudi

Wiki hii tena mteja kaleta gauni alilolifua mara moja, limepanda juu ya magoti, na neno lake la kwanza ni kwamba fundi kampunja kitambaa. Nimechoka! Mama yangu alilisikia hilo kabla sijazaliwa, nami nalisikia hadi leo, hapa hapa Majengo tunaposhona naye.

Pamba inarudi, yaani hunywea ikifuliwa. Wakati wa kufuma, nyuzi za mtande, zile zinazokwenda na urefu wa kitambaa, hukazwa kwenye mashine, kisha kitambaa hutiwa wanga na kuvutwa kinyooke. Kikiingia majini wanga unatoka, nyuzi zinalegea na kujivuta. Mtande ndio uliokazwa zaidi, kwa hiyo urefu ndio unaopungua sana. Kikirudi asilimia 4 tu, gauni la sentimita 120 linapoteza karibu sentimita 5.

Dawa ni kuloweka kabla ya kukata, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Wateja wanaamini kitenge kikishaguswa na maji upya wake umekwisha. Jamani, ule ugumu ni wanga! Utatoka tu, na afadhali utoke kitambaa kikiwa kizima kuliko kikishakuwa gauni lenye bitana, kile kitambaa cha ndani. Bitana nyingi ni poliesta, hazirudi. Kitenge kinapanda, bitana inabaki ndefu na kuchungulia chini ya pindo, mishono ya kifuani inajikunja. Hapo pasi haisaidii kitu, ni kufumua.

Loweka usiku kucha kwenye maji ya baridi, bila sabuni, maana maji yetu ya kisima yana chumvi na sabuni huganda ikaacha weupe. Usisokote. Anika kivulini, piga pasi kingali na unyevu. Kama hujui ni pamba au siyo, chomoa uzi uuchome: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikaganda.

Mtande niliujua kwa vidole kabla ya kushika mkasi. Mama alinianzisha na kutarizi vitambaa vya meza, msalaba mmoja mmoja kwa kuhesabu nyuzi, na ukikosea hesabu ua linapinda. Anayeruka hatua hiyo hukata popote panapomtosha bila kufuata mtande, kisha anashangaa sketi kujizungusha kiunoni.

Lakini kuna jambo mimi na Mama hatujaafikiana. Vitenge vingine maua yamechapwa upande, hayaendi na mtande. Vitabu vya ushonaji vinasema fuata mtande, basi. Mama hufuata maua. Sketi yangu inaning'inia vizuri hata baada ya kufuliwa mara nyingi, ila maua yanaonekana yamelala. Yake inapendeza toka siku ya kwanza, kisha pindo linaanza kushuka upande mmoja. Kwa sketi fupi nimeanza kumfuata yeye, na bado nasitasita. Ukiniletea kitenge cha namna hiyo, niambie kabla sijakikata unataka kipi.