Princess Charlotte hakuwa malkia, na urithi wake haukuwa wa uhakika

Jamani hii ya kusema Charlotte wa Wales, mjukuu wa mfalme George III wa Uingereza, alikuwa "malkia kamili aliyekosa taji tu" imezidi sasa. Warithi wa ufalme wako wa aina mbili, basi. Kuna ambaye hakuna mtoto atakayezaliwa akamng'oa, na kuna anayeshika nafasi kwa sasa tu, akizaliwa mwenye haki zaidi anarudi nyuma. Charlotte, mzaliwa wa London, Januari 1796, alikuwa huyo wa pili.

Babu yake George III alikuwa bado hai ila akili imemruka, baba yake ndo anafuata na ndo alikuwa anamshikia madaraka tangu 1811, Charlotte anakuja baada ya baba. Sasa Uingereza ya enzi hizo mtoto wa kiume alimpita dada yake hata kama kazaliwa miaka 20 baadaye. Wazazi wake walitengana mapema lakini talaka hakuna, na mama angetangulia kufa baba angeoa tena, akizaliwa mvulana habari ya Charlotte kukalia kiti imeishia hapo. Kwamba wananchi walishamuona ndiye, sawa, walimpenda kweli, ila sheria haiangalii hilo.

Akafariki Novemba 6, 1817, ana miaka 21, baada ya uchungu wa kama saa 50 na mtoto wa kiume kuzaliwa mfu. Mfalme akabaki hana mjukuu halali hata mmoja, wajomba zake... aah, baba zake wadogo, wakakimbilia kuoa, 1819 akazaliwa Victoria.

Na Victoria naye alikuwa mrithi wa aina ileile! William IV, mmoja wa hao baba wadogo aliyekuja kuwa mfalme, alipofariki 1837, tangazo la kumtawaza Victoria liliacha kabisa nafasi kwa mtoto ambaye mjane wa mfalme angeweza kumzaa. Yaani malkia ashatangazwa, bado wanasubiri kama mjane ana mimba. Upendeleo wa wavulana umekuja kuondolewa na sheria ya 2013.

Kwa hiyo ukikuta mtu kaandika "Malkia Charlotte alifariki 1817 akijifungua", mwambie taratibu tu kwamba huyo ni mjukuu. Malkia Charlotte ni bibi yake, mke wa George III, na yeye alifariki mwaka uliofuata, Novemba 1818.