Maono makubwa ya kanisa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwisho wa ibada tangazo linasomwa: mwaka huu tuna maono makubwa. Waumini wanatazamana, mikono ikishika mifuko. Sidhani kwamba wamepungukiwa imani. Wamezoeshwa kusikia neno hilo vibaya.

Dhana: Maono ni ya mchungaji, waumini kazi yao ni kuyaunga mkono

Hii ndiyo inayoua mipango mingi, na cha ajabu hutetewa kwa mfano wa Nehemia, yule liwali wa Agano la Kale aliyeongoza ujenzi mpya wa kuta za Yerusalemu. Ni kweli alikagua kuta za Yerusalemu usiku, na watu wachache, bila kumwambia mtu. Lakini alipofungua kinywa hakusema ameonyeshwa, basi wamfuate. Aliwaonyesha magofu waliyokuwa wakiyapita kila siku, akasema tujenge. Kisha soma sura ya 3, ile ya majina ambayo wengi huiruka: makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, Shalumu na binti zake, wengine wakijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Anayejenga mbele ya mlango wake hahitaji kuhimizwa kila Jumapili. Ukuta ulikwisha kwa siku 52, ingawa wakuu wa Tekoa walikataa kutia shingo zao kazini. Hawakusubiriwa.

Dhana: Anayeuliza gharama hana imani

Katika Luka 14:28 ni Yesu mwenyewe anayesema habari za mtu aketiye kwanza kuhesabu gharama ya mnara. Mweka hazina anayeuliza fedha zitatoka wapi anafanya kazi ya kiroho, hata kama swali lake linakera. Nehemia naye alimwendea mfalme akijua anachotaka: barua kwa maliwali, na miti kutoka kwa mtunza msitu.

Halafu kuna sura ya 5, nisiyoisikia ikihubiriwa siku za changizo. Kazi imepamba moto, maskini wanalia kwamba mashamba yamewekwa rehani na watoto wao wanakuwa watumwa kwa sababu ya madeni. Nehemia aliwakabili wakuu hadharani mpaka wakakubali kurudisha mali, na yeye mwenyewe hakula posho ya uliwali. Kanisa ambalo mjane wake anakopa ili atimize ahadi ya ujenzi bado halijaisoma sura hiyo.

Dhana: Mithali 29:18 inazungumzia mpango wa miaka mitano

Mstari unasema, «Pasipo maono, watu huacha kujizuia». Maono hapo ni ufunuo wa kinabii, na nusu ya pili ya mstari inamsifu anayeishika sheria. Mpango ni jambo jema, ila usivalishwe mstari huo.

Dhana: Kanisa dogo liote madogo

Mwezi Oktoba 1792, mjini Kettering, Uingereza, Wabaptisti wachache walikutana nyumbani kwa mjane mmoja wakaahidi pauni 13, shilingi 2 na peni 6 kwa ajili ya umisheni. Mmoja wao, William Carey, aliyekuwa amejifunza ufundi viatu, alifika India mwaka uliofuata. Miaka 60 kabla yao, kijiji cha wakimbizi cha Herrnhut, Ujerumani, kilituma mfinyanzi na seremala kama wamisionari hadi kisiwa cha St. Thomas katika Karibi.

Dhana: Makanisa yakiungana, kila dhehebu linapoteza lake

Mara nyingi hakuna anayeombwa kuacha chochote. Makanisa matatu yanaweza kuchimba kisima kimoja na bado kila moja likabatiza kwa desturi yake. Muungano kamili ni habari nyingine, nao hauendi mbio. Kusini mwa India, mazungumzo yalianza Tranquebar mwaka 1919, na Kanisa la India Kusini likazaliwa Septemba 1947, likiwaleta pamoja Waanglikana, Wamethodisti, Wapresbiteri na Wakongrigesheni. Askofu V. S. Azariah, aliyekuwa mstari wa mbele tangu Tranquebar, alifariki Januari 1945, kabla ya kuuona muungano huo.