Geuza Bampa, Usome Mgongoni

Bampa likivunjika, mara nyingi hutupwa nyuma ya gereji, na jioni huchomwa pamoja na matambara yenye oili. Kabla hujafanya hivyo, naomba uligeuze. Upande wa ndani, ule usiopakwa rangi, utakuta herufi zilizobonyezwa kwenye plastiki yenyewe, kwa mfano >PP+EPDM-TD20<. Hiyo si namba ya spea. PP ni polipropilini, plastiki ileile ya ndoo nyingi na viti vya bustani. EPDM ni mpira uliochanganywa humo ili bampa lipinde kabla ya kupasuka. TD20 ni unga wa talki, ndugu wa poda ya mtoto, asilimia 20 ya uzito wote.

Herufi hizo zina thamani kwa sababu gari moja lina plastiki za kabila nyingi. Taa za mbele ni polikaboneti, ile inayogeuka njano kwa jua. Sponji za viti ni poliurethani, na nyaya nyingi zimevikwa PVC. Ukiyeyusha PP pamoja na ABS, plastiki nyingine ngumu ya magari, hazishikani. Unapata kitu kinachobanduka matabaka matabaka. Tena nyingine haziyeyuki kabisa. PP ni kama mafuta ya nazi, hupata moto ikayeyuka, ikapoa ikaganda, nawe unaweza kurudia. Sponji ya kiti na vipande vya faiba ni kama yai lililochemshwa: hakuna moto utakaolirudisha kuwa ute. Ukizichoma, PVC hutoa moshi wa tindikali na sponji inaweza kutoa gesi ya sianidi. Wanaovuta moshi huo ni vijana wa gereji na majirani zao.

Kwenye kiwanda cha kurejeleza plastiki, bampa huondolewa klipu na skrubu, likaoshwa, likasagwa kuwa vipande vidogo kama ukucha. Mtihani mkubwa ni rangi. Isipokwanguliwa, chembe zake hubaki ndani ya plastiki kama mchanga kwenye wali, na ufa huanzia hapohapo. Ndiyo maana bampa kuukuu mara nyingi huzaliwa upya kama kitu kisichoonekana, mathalani kinga ya tope juu ya matairi au kifuniko cha chini ya injini. Vipande hukaushwa, huyeyushwa kwenye nyuzi joto 200 na zaidi kidogo, hukamuliwa kama tambi, kisha hukatwa punje.

Magari yetu mengi yametoka Japani. Huko, tangu sheria ianze kutumika mwaka 2005, mwenye gari hulipa mapema ada ya urejelezaji: kwa ajili ya gesi ya kiyoyozi, mifuko ya hewa, na mabaki yanayosalia gari likishasagwa, ambayo kwa sehemu kubwa ni plastiki, sponji na mpira. Gari likiuzwa nje ya nchi, mmiliki wa mwisho anaruhusiwa kudai arudishiwe ada ile, kwa kuwa gari halikufia kwao. Linafia kwetu. Linashuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa bila sanda, na jambo hili linaniuma kila ninapopita penye rundo la dashibodi kando ya barabara.

Gamba la betri ndilo lenye njia iliyonyooka zaidi. Kwa kawaida ni PP. Betri husagwa, vipande vikatiwa majini, madini ya risasi yakazama na plastiki ikaelea. Ila kazi hiyo si ya uani. Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri, sumu ikaingia hadi kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Wakusanyaji wengi wa plastiki hupima kwa ndoo ya maji: kinachoelea huitwa PP, kinachozama hutengwa. Kwa gamba la betri lililooshwa kiwandani kipimo hicho hufaa. Kwa bampa kinadanganya, maana talki ya asilimia 20 huiongezea PP uzito hadi izame taratibu kama ABS. Kwa hiyo unapolikata bampa vipande ili liingie kwenye kiroba, kile chenye herufi kiache kizima, kikae juu, mnunuzi akione.